Pete Zilizolala Kivulini

Kila asubuhi, kabla hajatoka nyumbani kwao, mtaa wa Najma mjini Doha, Loice alikuwa na jambo lake moja. Alichukua chuchu ya chupa ya mtoto, akaivuta kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuikagua kama mtu anayetafuta tundu kwenye chandarua. Ndipo alipoifunga kwenye chupa na kumpa Chelsea, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshalia vya kutosha kuamsha jengo zima.

"Mkaguzi wa chuchu," mumewe Levis alimtania huku akitafuta funguo za gari. "Siku moja huyu mtoto atakuomba cheti."

"Na nitampa."

Levis alirudi kwenye funguo zake, maana alijua utani huo una mpaka wake. Mwezi wa saba yeye ndiye aliyesahau chuchu juu ya dashibodi, ikakaa siku nne kwenye jua la Doha. Walipoikuta ilionekana nzima kabisa. Wakaiosha, wakaichemsha, wakaitumia. Siku ya tatu Loice aliingiza kidole kinywani mwa mwanawe aliyekuwa akikohoa hadi macho yamemtoka, akatoa kipande cha mpira kikubwa kama punje ya mahindi. Tangu siku hiyo hakuuamini tena mpira kwa kuutazama tu. Na bado aliutazama kila asubuhi, kwa sababu mikono ya mama haikubali kukaa bure.

Alhamisi hiyo ya mwanzo wa mwezi wa tisa alimwacha mtoto kwa jirani yao Nyanchama, kisha Levis akamshusha eneo la Sanaiya, kwenye maghala na gereji. Alikuwa amevaa blauzi mpya. Leo angetia sahihi yake ya kwanza.

Kwa miaka miwili kazi yake katika kampuni ile ilikuwa kuchapa barua na kupokea simu. Lakini jioni tatu kwa wiki alikuwa akimwachia Levis mtoto, anapanda basi hadi Al Sadd, anaingia darasa lililokuwa juu ya duka la vitabu na madaftari, na hapo Mwalimu Rael aliwafundisha watu wazima kumi na wawili waliochoka namna ya kukagua vipuri. Alisoma akiwa na maziwa yanayovuja kwenye blauzi. Alisoma akisinzia. Na sasa alikuwa amehamishiwa meza ya ukaguzi kwa majaribio ya wiki mbili, ambayo yangeisha Jumapili.

Kampuni ilinunua vipuri viwandani, ikavitunza, ikavikagua, kisha ikavisafirisha kwa wenye mitambo ya umeme katika nchi mbalimbali. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa wa mtambo wa nyuklia: pete za mpira mia mbili na arobaini, kila moja upana wa bangili, za kuzibia vali kwenye mabomba ya maji yanayopoza kinu. Mtambo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo na mafundi wake walikuwa wanazisubiri. Lori la kwenda uwanja wa ndege lingefika saa kumi jioni. Kilichobaki ni cheti cha kusema kwamba pete zimetunzwa kama inavyotakiwa, chini ya nyuzi ishirini na tano za joto, tangu zilipopokelewa mwezi wa tano. Cheti kilihitaji sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwepo tayari, imeandikwa kwa herufi za duara zilizopangana vizuri: Philipo, mtunza ghala.

Loice aliijua sahihi hiyo kama anavyojua sauti ya Philipo mwenyewe. Alipokuwa mjamzito, ni Philipo aliyembebea kiti kila alipopita ghalani. Mzee wa miaka hamsini na kitu kutoka Bungoma, hajawahi kupoteza hata skrubu moja.

Alikuwa ameshika kalamu. Kisha akakumbuka Mwalimu Rael alivyokuwa akiwapigia kelele: msome karatasi yote, hata upande msiouhitaji. Akaiweka kalamu chini, akafungua grafu ya kifaa kilichotundikwa ukutani kwenye chumba baridi cha kuhifadhia pete, kinachoandika joto na unyevu kila baada ya dakika kumi.

Mstari wa joto ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ishirini na moja, ishirini na moja, mara moja moja ishirini na mbili. Mtu yeyote angetia sahihi.

Mstari wa unyevu ndio uliomkataza. Tangu mwezi wa sita ulikuwa unapanda kilima kila siku saa nne asubuhi na kushuka saa tisa na nusu alasiri. Kila siku isipokuwa Ijumaa. Ijumaa ulilala chali.

Loice aliitazama ile milima hadi chai yake ikapoa. Pete za mpira hazipumui. Wala hazijui Ijumaa ni lini.

Akatazama saa. Saa nne na robo.

Doha nzima inajua maana ya saa nne wakati wa kiangazi. Kazi za juani zinasimama kwa amri ya serikali hadi saa tisa na nusu, na kwenye ua wa kampuni hubaki vyuma na mwanga tu. Watu wa ofisini hawavuki ua saa hizo; wanapiga simu. Loice naye, kwa miaka miwili, alikuwa akipiga simu. Safari hii alijifunga mtandio kichwani, akachukua kipimajoto kidogo cha mkononi, akavuka.

Paul, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, Mganda mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala akipunga kipande cha boksi.

"Daktari wa mpira!" akaita. "Umepotea njia? Wodi yako ni ile yenye kiyoyozi."

"Nimekuja kuona wagonjwa."

"Basi..." Paul alinyamaza ghafla, akatupa jicho upande wa chumba baridi. Loice hakuwahi kumwona Paul akikatiza sentensi yake mwenyewe. "Basi subiri kidogo nimwite mzee."

Hakusubiri. Alisukuma mlango.

Baridi ilimpiga usoni. Kwenye sakafu, juu ya mikeka ya maboksi yaliyochanwa, walilala wanaume kumi na mmoja wa kazi za nje, wamepangana kama samaki kwenye kopo, viatu vyao vimewekwa safu nadhifu kando ya ukuta. Mmoja alikuwa akikoroma. Kule juu, kwenye ukuta, kifaa kilikuwa kikiandika: ishirini na moja. Mahali ambapo maboksi ya pete yalipaswa kuwa, amelala mtu mrefu aliyekunja magoti ili atoshe.

Loice alifunga mlango polepole asiwaamshe. Alizunguka nyuma ya jengo. Maboksi yote kumi na mawili yalikuwa pale, juu ya toroli, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwa ustadi, kwenye kivuli cha kontena. Aliweka kiganja juu ya boksi la kwanza akakiondoa upesi. Akaingiza kipimajoto kati ya mawili. Arobaini na nane.

"Kivuli ni kivuli, mama Chelsea," sauti ilisema nyuma yake.

Philipo alikuwa amesimama na ndoo ya barafu mkononi, ya maji ya wale waliolala. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu aliyejua siku hii ipo njiani.

"Mzee Philipo, tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Kile chumba chao cha kupumzikia, kiyoyozi kilikufa. Niliandika ofisini. Nikaandika tena. Nikaandika mara ya tatu. Mmoja wao, Nick, akaanguka hapo, unapaona hapo? Povu mdomoni. Nikasema, Philipo, una chumba cha nyuzi ishirini na moja umelaza mpira, na binadamu wanakaangwa. Ningefanya nini?"

"Ungelaza wote wawili."

"Na hawatoshi! Unadhani sikujaribu?" Aliweka ndoo chini. "Nazitoa saa nne, nazirudisha saa tisa na nusu. Sijawahi kuziacha juani. Turubai nililinunua mwenyewe. Ni masaa machache tu, mama."

"Siku sabini na kitu, mzee."

Philipo aliligeukia lile turubai. Hakuwa ameyajumlisha. Mtu mwangalifu kuliko wote pale ghalani alikuwa amehesabu kila boksi, kila pete, kila kichwa kilicholala, lakini hakuwahi kuhesabu joto, kwa sababu machoni pake lilikuwa linaondoka kila alasiri maboksi yanaporudi ndani.

"Kwani zimeharibika?" akauliza kwa sauti ya chini. "Zitazame. Nzuri kabisa."

"Sijui."

"Basi tia sahihi. Kama hujui, si hujui?"

"Mzee, hiyo karatasi inasema najua."

Alimwona akishuka mabega. Halafu mzee akasema neno ambalo Loice alilibeba mchana kutwa: "Andika kuhusu maboksi, usiandike kuhusu watu. Sema nilizembea, nilisahau, sema lolote. Ukisema walilala humo, kesho mlango utafungwa kwa kufuli, na hao watalala wapi? Mimi naenda nyumbani Bungoma, hewala, nimezeeka. Hao je?"

Loice alichomoa kipimajoto. Alirudi akivuka ua, na jua lilimkalia mgongoni kama mzigo wa kuni.

* * *

Injinia Ndirangu, mkuu wa ukaguzi, alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu sita asubuhi hiyo kutoka kwenye mtambo.

"Lete pete kumi," akasema. "Tuzipime."

Wakazipima ugumu kwa kifaa chenye sindano, moja baada ya nyingine, Loice akiandika. Zote zikawa ndani ya kiwango. Wakazibana, wakaziachia, zikarudia umbo lake kama kawaida. Injinia alivua miwani akacheka kwa kupumua.

"Unaona? Zimefaulu. Kumi kwa kumi. Haya, karatasi."

Loice aliona namna ambavyo ingekuwa rahisi. Kila mtu angeshukuru. Philipo angebaki, wale kumi na mmoja wangeendelea kulala penye baridi, Jumapili angekuwa mkaguzi kamili, na pete zenyewe, masikini, zilikuwa nzuri za kutamanisha. Aliikunja moja kwenye kiganja. Ilikuwa laini, nyeusi, inang'aa kidogo. Kama ile chuchu siku walipoitoa kwenye dashibodi.

"Zimefaulu leo, Injinia."

"Tunapima leo, Loice. Ulitaka tupime lini?"

"Zinaenda kukaa ndani ya vali miaka kumi. Hiyo miaka kumi kiwanda kiliihesabu kwa mpira uliotunzwa kwenye baridi. Sisi tumeupika majira mazima ya joto. Tumekula miaka mingapi kati ya hiyo kumi? Mmoja? Sita? Kipimo hiki hakiwezi kutuambia, na mimi siwezi kuandika kitu nisichoambiwa."

"Kuna vali nyingine nyuma ya hiyo. Ule mtambo una kinga juu ya kinga."

"Na kwenye kila kinga kuna mtu aliyekaa mezani akisema kuna kinga nyingine."

Ndirangu aligonga meza kwa kidole. "Sikiliza, mama. Najua umesoma jioni, nakuheshimu kwa hilo. Lakini hii ni kazi, si darasa. Jumapili naandika ripoti yako ya majaribio. Unataka niandike nini? Kwamba mzigo wa kwanza kabisa aliopewa, aliukwamisha kwa sababu ya unyevu?"

Kwa aibu yake, Loice alihisi machozi yanakaribia. Alibana meno hadi yakarudi yalikotoka. Kisha akamweleza habari ya chuchu. Hakuirefusha. Siku nne juani, ilivyokuwa nzuri kwa macho, siku ya tatu kinywani, punje ya mahindi.

"Lakini hii si chupa ya mtoto," Ndirangu akasema, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ndiyo maana. Chupa ya mtoto ikivuja, nafuta meza. Hii ikivuja, atafuta nani?"

Nje lori lilisikika likirudi nyuma, likilia pi, pi, pi. Lilikuwa limewahi.

Loice aliisogeza kalamu mbele ya mkubwa wake, taratibu, kwa heshima yote. "Cheti hakidai jina langu, kinadai jina la mkaguzi. Na wewe ni mkaguzi, Injinia. Kama unajua ziko sawa, andika jina lako hapa. Mimi sitapinga."

Ndirangu aliitazama ile kalamu muda mrefu kuliko alivyotazama grafu. Hakuigusa.

"Leta zile kadi nyekundu," akasema mwishowe.

Kadi nyekundu ilikuwa na neno moja kubwa, IMEZUILIWA, na chini yake nafasi ya sababu. Loice aliandika kumi na mbili, akatia sahihi kumi na mbili. Halafu akakaa kuandika ripoti, na hapo ndipo maneno ya Philipo yalipomjia tena: usiandike kuhusu watu.

Aliandika kuhusu watu. Aliandika kwamba maboksi yalitolewa nje siku za kazi tangu mwezi wa sita, saa nne hadi saa tisa na nusu. Akaandika sababu: chumba cha mapumziko hakikuwa na kiyoyozi, mfanyakazi mmoja alianguka kwa joto, mtunza ghala aliomba matengenezo kwa barua tatu. Alikwenda kwenye jalada la barua, jalada ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilitunza, akazikuta zote tatu, kila moja na muhuri wa kupokelewa. Muhuri ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyezipokea, akazigonga muhuri, akazipeleka kwa wakubwa, na akasahau.

Hilo nalo akaliandika, pamoja na jina lake, akaambatanisha nakala. Mwisho akaweka tahadhari: ukifungwa mlango wa chumba baridi kabla ya kutengenezwa chumba cha watu, maboksi yatatoka tena, kwa sababu watu watahitaji kulala.

Ndirangu alisoma yote. Alipofika kwenye barua tatu alikohoa, maana moja ilikuwa na maandishi yake pembeni: "Baadaye." Hakumwambia aifute. Akachukua simu akapiga kwenye mtambo, na Loice akamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, kwamba pete haziji, kwamba nyingine zitaagizwa kiwandani, na kwamba ndiyo, ni kosa letu.

Lori liliondoka tupu.

* * *

Fundi wa kiyoyozi alifika Jumapili asubuhi, kabla hata ya chai. Siku hiyo hiyo Philipo alipewa barua ya onyo, na Injinia Ndirangu akaitwa West Bay kwa wenye kampuni akajieleze. Alirudi na barua yake mwenyewe mfukoni. Kuhusu Loice aliandika kwamba majaribio yake yaongezwe mwezi mmoja. Loice aliisoma akiwa kwenye gari la Levis, akalia hadi mzunguko wa pili wa barabara, kisha akafuta uso.

"Utaacha?" Levis akauliza.

"Nani aache? Mwezi mmoja una wiki nne tu."

Philipo alimnunia. Alimwita "mkaguzi", basi, kama mtu anayeita askari. Kiti hakikuletwa tena. Loice alivuka ua kila siku, saa nne ikiwemo, akasalimia, akaitikiwa kwa kichwa, akaenda chumba cha mapumziko kupima kama kiyoyozi kinafanya kazi, akaandika.

Pete mpya zilifika wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa. Zilikaa siku tano kusubiri ndege, na siku ya tano Paul alikuja ofisini akiwa amejifunika taulo kichwani.

"Daktari wa mpira, unaitwa wodini."

Alimkuta Philipo amechuchumaa mbele ya maboksi, ndani ya chumba baridi, sakafu tupu. Ukutani hapakuwa na kifaa.

"Kiko wapi?"

"Tulia, mkaguzi." Philipo alifunua boksi la katikati. Ndani, kati ya pete, kifaa kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa pamba, fundo tatu, kama mtoto aliyefungwa mgongoni. "Nilifikiri sana. Kile ukutani kilikuwa kinaandika habari za ukuta. Mimi sikudanganya, wala chenyewe hakikudanganya, na bado karatasi ilikuwa ya uongo. Sasa boksi likitoka, kinatoka nalo. Likichomwa, kitasema."

"Nani alikufundisha hivyo, mzee?"

"Kuna mama mmoja msumbufu. Hana adabu kwa wazee." Lakini alikuwa ameshavuta kiti, kile kile cha zamani, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa usome. Chelsea hajambo? Meno?"

"Sita."

"Sita! Huyo sasa atamaliza chuchu zote za Doha."

Loice alikaa, akafungua grafu. Joto limenyooka. Unyevu umenyooka, Jumapili, Jumatatu, siku zote, hauna kilima. Akachukua pete moja, akaivuta kwa vidole viwili, akaiinua kwenye taa. Alijua kabisa kwamba macho hayawezi kuona lililomo ndani ya mpira. Aliitazama hivyo hivyo, upande huu na upande ule, huku akilini akimwona mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, akinywesha mtoto wake maji.

"Usiivute ikaisha," Philipo akasema. "Lori linangoja."

"Lingoje."

Akairudisha pete mahali pake. Akasoma karatasi upande wa mbele, akaigeuza, akasoma upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu. Ndipo akaandika jina lake.